Neno "Piga" na Majirani Zake

Neno "piga" ni fupi. Lina herufi nne tu. Mwanakisomo anaweza kulisoma na kuliandika mapema kabisa. Lakini kujua kulisoma ni jambo moja, na kujua maana yake ni jambo jingine. Neno hili lina maana nyingi sana. Asiyezijua anaweza kusoma barua yote, na asipate habari iliyomo ndani yake.

Maana inayotujia kwanza ni ya kuumiza. Tunasema: "Usimpige mtoto." Tunasema pia kupiga ngumi, kupiga teke na kupiga fimbo. Lakini fundi anapiga msumari, naye hana ugomvi na mbao. Mpiga ngoma hana chuki na ngoma yake. Basi "piga" peke yake haitoshi kutupa habari. Lazima tutazame neno linalofuata. Neno hilo tuliite jirani. Jirani ndiye anayetueleza "piga" imekuja kufanya kazi gani.

Majirani wa "piga"

Majirani wa kwanza ni vyombo vya kazi. Tunapiga pasi nguo, tunapiga mswaki meno, seremala anapiga randa ubao. Hapa "piga" ina maana ya kutumia chombo hicho. Simu nayo ni chombo, kwa hiyo tunapiga simu.

Majirani wa pili ni sauti. Mtu anapiga kelele, anapiga mayowe, anapiga mluzi, anapiga chafya. Mgeni anapiga hodi mlangoni. Hapa "piga" ina maana ya kutoa sauti hiyo.

Majirani wa tatu ni mazungumzo. Wazee wanapiga soga chini ya mwembe. Anayetia chumvi katika habari zake anapiga chuku. Anayemsifu mtu ili achaguliwe anampigia debe. Vituo vya mabasi navyo vina wapiga debe. Kazi yao ni kuita abiria kwa sauti kubwa.

Majirani wa nne ni wale wa semi. Kupiga hatua ni kuendelea mbele. Kupiga jeki ni kumsaidia mtu aliyekwama. Kupiga moyo konde ni kujitia ujasiri. Konde ni ngumi, lakini hakuna anayejipiga ngumi kifuani. Maana ya msemo haipatikani kwa kutazama neno moja moja. Inapatikana kwa kuyachukua maneno yote kwa pamoja.

Herufi moja inaweza kugombanisha watu

Soma sentensi hizi mbili polepole:

Mpige kaka yako leo.
Mpigie kaka yako leo.

Tofauti ni herufi "i" moja tu. Sentensi ya kwanza inaleta vita nyumbani. Ya pili inaomba kaka apigiwe simu. Siku hizi watu wengi hupelekeana habari kwa maandishi ya simu. Aandikaye kwa haraka na kuiacha "i" anaweza kuleta hofu bure.

Tazama pia mabadiliko mengine. "Pigana" ni watu wawili au zaidi kupigana wenyewe kwa wenyewe. "Pigania" ni kujitahidi sana kwa ajili ya jambo fulani, kama kupigania haki. "Pigwa" ni kutendewa. Lakini hata hapo mtazame jirani. "Juma amepigwa" ni habari ya kusikitisha. "Juma amepigwa picha" ni habari ya kawaida. Usiikatishe sentensi katikati ukaanza kulia.

"Piga" katika karatasi za maisha yetu

Sasa tufike mahali ambapo neno hili linagusa mali na afya zetu.

Kwanza, dawa za mimea. Kupiga dawa ni kuinyunyiza kwa bomba. Karatasi ya chupa inaweza kusema: "Usipige dawa wakati wa upepo." Sababu ni kwamba upepo huipeleka dawa usoni kwako, katika shamba la jirani, au katika maji ya kunywa. Karatasi hiyo pia hueleza ni siku ngapi za kungoja baada ya kupiga dawa, ndipo uvune. Siku hizo hazilingani kwa dawa zote. Kwa hiyo soma karatasi ya dawa unayotumia wewe. Mwenye kuvuna kabla ya siku hizo anaweza kuwalisha watoto wake sumu pamoja na mboga.

Pili, mnada. Kupiga mnada ni kuuza kitu hadharani, na kumpa yule anayetaja bei kubwa kuliko wenzake. Tuseme tangazo limebandikwa: "Shamba hili litapigwa mnada tarehe 20 iwapo deni halitalipwa." Maana yake ni kwamba shamba litauzwa. Hapa mambo mawili ni ya kushika: neno "iwapo" na tarehe. "Iwapo" inaonyesha kwamba nafasi bado ipo. Tarehe inaonyesha mwisho wa nafasi hiyo. Anayelielewa tangazo mapema anaweza kwenda kwa mdai wake na kutafuta njia. Anayengoja kusomewa anaweza kusomewa tarehe 21.

Tatu, marufuku. Kupiga marufuku ni kukataza jambo kwa amri. Tarehe 1 Juni 2019, Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Kenya ilikuwa imeipiga marufuku tangu tarehe 28 Agosti 2017. Hakuna mfuko uliochapwa fimbo. Lakini aliyeendelea kuiuza alikuwa anavunja sheria.

Nne, kura. Kupiga kura ni kuchagua. Katika uchaguzi wa mwaka 1965 huko Tanzania Bara, wagombea ubunge walipewa alama. Mmoja alipewa jembe, mwenzake alipewa nyumba. Watu wengi wakati ule hawakujua kusoma, kwa hiyo walichagua kwa kutazama alama. Siku hizi karatasi ya kura ina jina la mgombea pia. Mpiga kura anayejua kusoma haulizi mtu. Anasoma mwenyewe, na siri ya kura yake inabaki kuwa yake.

Tufanye nini tukutanapo na "piga"?

Mambo matatu yatatusaidia:

1. Tusisimame kwenye "piga". Tusome mpaka mwisho wa sentensi.
2. Tumtazame jirani. Je, ni chombo, sauti, mazungumzo, au msemo?
3. Tukishindwa, tumwulize mwalimu wa kisomo, au tutazame kamusi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1981. Maneno yake yamepangwa kwa kufuata herufi, kwa hiyo tafuta chini ya P.

Kuuliza si aibu. Hasara ni kuweka dole gumba au sahihi chini ya maneno usiyoyaelewa.

Zoezi

1. Eleza maana ya: kupiga hodi, kupiga deki, kupiga chuku, kupiga moyo konde.
2. Kuna tofauti gani kati ya "Asha alimpiga mjomba" na "Asha alimpigia mjomba"?
3. Tafuta chupa au pakiti ya dawa ya mimea. Soma maelezo yake darasani. Je, yanasema upige dawa wakati gani, na ungoje siku ngapi kabla ya kuvuna?
4. Jadilianeni: Neno "kula" nalo lina majirani wengi, kama kula kiapo, kula hasara na kula njama. Tajeni mengine, na mweleze maana zake.