Kikapu bila madaftari, unaishia jukwaani

Hasheem Thabeet alianza kikapu akiwa mwanafunzi wa sekondari Dar es Salaam. Sekondari akaimalizia Houston, Marekani, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut, na mwaka 2009 Memphis Grizzlies wakamchukua. Mtanzania wa kwanza NBA!

Wengi wanakumbuka urefu wake tu. Kumbe njia hiyo ina geti. Leo, kucheza daraja la juu la vyuo Marekani, NCAA inadai masomo 16 ya msingi ya sekondari, kwa wastani usiopungua 2.3 kati ya 4.

Funga pointi 40 kila mechi. Bila alama hizo, mwaka wa kwanza huchezi.

Ndiyo maana dogo anayetoka mazoezini jioni bado ana mechi usiku: hesabu.