Kwa Nini Garimoshi Halijafika Lodwar, na Litakapofika Litasimama Wapi

Mtu akisimama penye stendi ya magari mjini Lodwar asubuhi na mapema, ataona wasafiri wa namna nyingi wakingojea gari la kwenda Kakuma: mwalimu anayerudi kazini, mama aliyemtoa mtoto wake katika hospitali kuu ya kaunti, mwenye duka na magunia yake ya sukari, na kijana aliyekuja kushughulikia kitambulisho. Safari yao ni ya kilomita zipatazo 120. Huko Nairobi, mtu akaaye Ruiru au Kikuyu huingia katika garimoshi asubuhi, akafanya kazi mjini, na jioni akarudi kwake. Wenyeji wa Turkana waliokwisha kuliona jambo hilo huuliza, Je, sisi tutapata lini njia ya namna hiyo? Swali hili ni la haki, wala halifai kujibiwa kwa neno moja.

Kwanza yafaa kufahamu tabia ya reli. Gurudumu la chuma likibingirika juu ya chuma halipati kizuizi kikubwa, na kwa sababu hiyo injini moja yaweza kuvuta mzigo ambao ungehitaji malori mengi. Lakini ulaini ule ule ulio faida katika nchi tambarare huwa ni udhaifu mlimani, kwa maana magurudumu huteleza. Lori hupanda mteremko mkali likinguruma. Garimoshi sharti lizunguke mlima polepole, likatiwe njia ndefu, madaraja, na pengine mashimo ya kupita chini ya mwamba. Tena gharama ya reli hailingani na ya barabara. Ukiisha kuilaza, ni lazima kuitunza siku zote, lipite garimoshi moja kwa juma au yapite ishirini kwa siku. Kwa hiyo reli huishi kwa wingi: ama mizigo mingi, ama watu wengi waendao mahali pamoja kwa saa moja.

Sasa tazama jinsi njia zetu zilivyojengwa. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Nairobi mwaka 1899, na Kisumu mwaka 1901. Tawi lake lilifika Kitale mwaka 1926, likaishia hapo. Halikuishia hapo kwa bahati. Lilikwenda kuchukua mahindi ya walowezi, na ng'ambo ya Kitale wajenzi wake hawakuona mzigo wa kuwalipa. Isitoshe, kutoka nyanda za juu za Kitale, kupita Kapenguria na Marich, nchi hushuka zaidi ya mita elfu moja kabla ya kufika Lodwar. Turkana yenyewe ilikuwa wilaya iliyofungwa, ambayo mgeni hakuruhusiwa kuingia bila kibali. Serikali ya wakati ule ilipotaka kumweka Jomo Kenyatta mbali na watu, ilimpeleka Lokitaung, na baadaye, mwaka 1959, ikamhamishia Lodwar. Ubaya wa njia ulikuwa ni sehemu ya ukuta wa kifungo. Nchi iliyoachwa bila njia kwa makusudi haiwezi kulaumiwa kwa kuchelewa.

Tukija Nairobi, wengi hudhani ya kuwa magarimoshi ya asubuhi yaliwekewa reli yao tangu mwanzo. Sivyo. Njia hizo zilijengwa kwa ajili ya safari ndefu na mizigo, na mji ukakua kuzizunguka. Ndiyo sababu stesheni nyingine ziko mbali na makazi, na mtu hulazimika kupanda matatu ili alifikie garimoshi. Tena sehemu kubwa ya njia hizo ni ya reli moja tu, hata magarimoshi mawili yanayoelekeana hayawezi kupishana ila stesheni. Moja likichelewa, jingine nalo hungoja. Mwezi wa Novemba 2012 ilifunguliwa stesheni mpya ya Syokimau, yenye mahali pa kuegesha magari, ili mtu aache gari lake hapo na kuendelea kwa reli. Mwaka 2020 stesheni kuu ya Nairobi ilitengenezwa upya, na yakatumiwa magarimoshi yaliyonunuliwa Hispania, ambayo hayana haja ya kugeuzwa injini kila yafikapo mwisho wa njia. Hilo ni jambo dogo machoni, lakini huokoa dakika nyingi saa za asubuhi.

Lililo kubwa zaidi kwetu ni hili. Reli mpya ya Mombasa ilipofunguliwa mwaka 2017, stesheni yake ya Nairobi haikuwekwa katikati ya mji. Iliwekwa huko Syokimau. Msafiri aliyetoka pwani kwa mwendo wa upesi alijikuta ameshuka pembeni, na mizigo yake mkononi, na mji bado haujafikiwa. Ikawa lazima garimoshi la reli ya zamani limchukue hapo na kumpeleka katikati ya mji. Basi urefu wa reli si kitu peke yake. Msafiri hupima safari tangu mlango wa nyumba yake hata mlango wa mahali aendako, na mara nyingi kilomita za mwisho ndizo zimsumbuazo kuliko zote.

Nairobi ilihesabiwa mwaka 2019 kuwa na watu 4,397,073. Kaunti nzima ya Turkana, yenye zaidi ya kilomita za mraba 68,000, ilikuwa na watu 926,976, na wengi wao huhama na mifugo yao. Kwa hesabu hiyo, garimoshi la kuchukua wafanyakazi asubuhi kutoka Kakuma hata Lodwar halingepata abiria wa kulilipia hata mafuta. Ni heri kusema hivyo waziwazi kuliko kuwatia watu tamaa.

Lakini haifuati kwamba hapana la kufanya. Kakuma si kijiji tena. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, makazi ya Kalobeyei yakafuata mwaka 2016, na kufikia mwaka 2024 wakimbizi wa mahali pote pawili walikuwa wamekaribia 300,000. Kila siku wenyeji na wageni huenda na kurudi kati ya mji, kambi na Kalobeyei, wakifuata soko, shule na zahanati. Hao ndio wasafiri wa mji na viunga vyake, ingawa hakuna aliyewapa jina hilo, na chombo chao ni bodaboda. Mtu mwenye haraka hufika, lakini mama mwenye gunia la makaa na watoto wawili hulipa nauli mara mbili, au hutembea juani. Basi dogo lenye saa maalumu na vituo vinavyojulikana lingewafaa watu hawa, na gharama yake ni ndogo mno kuliko ya reli. Kuhusu safari ya Lodwar yenyewe, mkimbizi ana shida nyingine isiyoondolewa na lami: kwa miaka mingi sharti lake lilikuwa kuomba kibali kabla ya kutoka kambini.

Barabara, kwa kweli, imebadilika. Lami ya kutoka Kitale hadi Lodwar ilijengwa katika miaka ya 1980 kwa msaada wa nchi ya Norway, ikabomoka hata madereva wakaona heri kupita mchangani kando yake. Zaidi ya Lodwar, kulikuwa na nyakati ambapo magari yalikwenda kwa msafara yakilindwa na askari, kwa hofu ya wanyang'anyi. Mwaka 2015 Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa kuitengeneza njia hii kuelekea mpaka wa Sudan Kusini, na tangu kazi hiyo ifanywe, safari ya Lodwar na Kakuma iliyokuwa ikila nusu ya siku imekuwa fupi zaidi.

Hata hivyo, adui wa njia hii si mashimo, bali ni mito mikavu ambayo watu huiita lagga. Msafiri mgeni hawezi kusadiki. Mbingu ni safi, jua ni kali, mchanga wa mto unachoma nyayo. Ghafula maji mekundu yanashuka yakibeba magogo, kwa kuwa mvua imenyesha mbali katika milima ya upande wa Uganda. Tarach hufanya hivyo penye Kakuma, na Kawalase penye Lodwar. Palipo na daraja, gari hupita. Palipo na sakafu ya saruji tu iliyolazwa chini ya mto, gari hungoja, pengine saa tatu, pengine usiku kucha, na mgonjwa aliyemo hungoja pia. Dereva asiye na subira huingia majini, na wako waliopotea kwa njia hiyo. Kwa hiyo katika njia ya kilomita 120, daraja moja lililokosekana laweza kuzitangua kilomita nyingine zote. Fedha zikipungua, mwandishi angependa zikatwe penginepo kabla ya kukatwa kwenye madaraja.

Imebaki habari ya reli ijayo. Tarehe 2 Machi 2012 mradi wa LAPSSET ulizinduliwa huko Lamu, mbele ya Rais Mwai Kibaki, Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini, na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia. Gati la kwanza la bandari ya Lamu lilianza kazi mwaka 2021. Katika mpango huo imo reli ya kutoka Lamu kupitia Isiolo na Lokichar, hata Nakodok mpakani na kuendelea Juba. Reli hiyo haijafika Turkana. Shabaha yake ni mizigo ya Sudan Kusini, na huko Lokichar ndiko yalikogunduliwa mafuta mwaka uo huo wa 2012. Ni reli ya mzigo, kama ile ya mahindi ya Kitale. Msafiri wa Lodwar atapata nafasi ndani yake ikiwa tu amefikiriwa mapema.

Kabla ya chuma huja wapima ardhi, na ardhi nyingi ya Turkana ni ya jamii, inayolindwa na sheria ya mwaka 2016. Wazee watakapoitwa barazani, watasikia habari za fidia na za njia za mifugo, nayo ni mambo makubwa. Lakini na waulize pia stesheni itakuwa wapi; je, ni mahali ambapo mtu wa Lodwar aweza kufika kwa miguu, au ni nyikani kilomita ishirini kutoka sokoni? Na je, kati ya Lodwar na Lokichoggio garimoshi litasimama Kakuma, au litapita likipiga honi? Maswali hayo hujibiwa kwa kalamu siku ramani inapochorwa. Baada ya hapo hujibiwa kwa mabilioni ya shilingi.