Wateja Wamepungua, au Duka Lako la Mtandaoni Limegoma?

Leo naongea zaidi na wenye tovuti ya kuuzia, hata kama ina bidhaa kumi tu. Wale wa WhatsApp na Instagram peke yake msiondoke, yenu yapo mbele.

Mwenye fremu mtaani akikosa wateja anatoka nje anaangalia. Anaona mvua, anaona barabara imechimbwa, anaona jirani kashusha bei. Sisi hatuna mlango wa kuchungulia. Oda zikikata tunasema vyuma vimekaza, tunashusha bei, tunaongeza hela ya tangazo. Kumbe kitufe cha kulipia kimekufa tangu juzi, na tangazo tunalolipia linaleta watu mlangoni halafu mlango haufunguki. Mteja wa mtandaoni hagongi wala halalamiki. Anarudi nyuma, ananunua kwa mwingine.

Kwa hiyo swali ni hili: utajuaje kama ni soko limepoa au ni duka limeharibika?

Wengi wetu tunapima kwa kufungua tovuti kwenye simu yetu wenyewe. Ikifunguka, tunasema ipo hewani. Kipimo hicho ni dhaifu sana. Simu yako imeshatunza picha na sehemu za kurasa kwenye kumbukumbu yake, kwa hiyo inakufungulia haraka kuliko mteja mpya. Halafu wewe huwa hulipi. Unaangalia ukurasa wa mbele, unaridhika, unafunga. Tovuti kufunguka ni kitu kimoja, tovuti kuuza ni kitu kingine.

Nitoe mfano wa duka langu. Kuna siku wageni waliingia kama kawaida, oda 17 zikafunguliwa, lakini zilizoandikwa "imelipwa" zilikuwa 3 tu. Nikaangalia salio la malipo: hela zilikuwa zinaingia! Shida ilikuwa kwenye ujumbe. Mteja akilipa kwa simu kuna safari mbili. Ya kwanza ni hela kutoka kwake kuja kwako. Ya pili ni taarifa kutoka kampuni ya malipo kuja kwenye tovuti yako, kwamba oda namba fulani imeshalipwa. Siku ile safari ya pili ilikwama upande wa kampuni ya malipo. Wateja wamekatwa hela, tovuti inawaambia hawajalipa, mmoja kashaanza kuniita tapeli. Na muda wote huo tovuti ilikuwa inafunguka vizuri kabisa.

Nililigundua siku hiyohiyo kwa sababu kila jioni nalinganisha namba tatu: oda zilizofunguliwa, malipo yaliyofika, na oda ambazo tovuti inasema zimelipwa. Namba ya pili na ya tatu zinatakiwa zilingane. Ya kwanza huwa kubwa kidogo, maana kuna watu wanajaza kapu halafu wanaghairi, ila ukiizoea unaijua tofauti yake ya kawaida. Ikipanuka ghafla, kuna kitu. Daftari na dakika tano zinatosha. Kama ungenipa nafasi ya kukufundisha kitu kimoja tu kwenye mada hii, ningekufundisha hicho.

Sasa tuje kwenye vipimo vyenyewe. Mwaka 2016 wahandisi wa Google walitoa kitabu kinaitwa Site Reliability Engineering, kinaeleza wanavyolinda mitambo yao. Wanasema ukiwa na nafasi ya kupima vitu vinne tu, pima muda wa kusubiri, wingi wa wanaoingia, makosa, na kujaa. Sisi sio Google, lakini vinne hivi vinaingia hata kwenye duka la madera.

Wingi wa wanaoingia ni rahisi, takwimu za tovuti zinakuonyesha. Uzuri wake unauona ukiuweka pembeni ya mauzo. Wageni wamepungua na mauzo yamepungua: hapo kweli inawezekana ni soko, au tangazo limeisha. Wageni wako palepale ila mauzo yameanguka: usiguse bei kwanza, kajaribu kununua kwenye duka lako mwenyewe.

Muda wa kusubiri una mtego wa wastani. Chukua wateja 10. Tisa kurasa imewafungukia kwa sekunde 2, mmoja akasubiri sekunde 42. Ukijumlisha na kugawanya unapata wastani wa sekunde 6, namba ambayo hakuna hata mteja mmoja aliyeipata. Tisa wamefurahi, mmoja ameondoka, na ripoti inakwambia wote wamesubiri kidogo. Ndo maana Google kwenye kipimo chao cha kurasa hawatumii wastani. Wanataka sehemu kuu ya ukurasa ionekane ndani ya sekunde 2.5 kwa angalau ziara 75 kati ya 100. Unaweza kujipima bure kwenye PageSpeed Insights, unaweka anwani ya tovuti unasubiri. Duka dogo mara nyingi litapewa matokeo ya majaribio tu, kwa sababu wageni hawajatosha kupata takwimu za watu halisi, lakini bado yanasaidia. Mara nyingi mchawi ni picha: mtu kapiga picha ya kiatu na simu, ina megabaiti 5, kaipandisha hivyohivyo, halafu mteja wa bando la shilingi 500 ndo aishushe.

Makosa yana namba zake, na ukizijua unaongea na fundi kwa lugha moja. Seva hujibu kila ombi kwa namba. 200 maana yake sawa. 404, ukurasa haupo, labda umefuta bidhaa ila linki yake bado iko kwenye posti zako. 500, kuna kitu kimevunjika ndani, mara nyingi programu ya tovuti yenyewe. 502, seva ya mbele imeomba jibu kwa seva ya nyuma ikapata jibu bovu. 503, huduma haipatikani kwa sasa, imezidiwa au iko kwenye matengenezo. Mtego wake ni kwamba ukurasa unaweza kuandika "samahani, kuna hitilafu" huku namba iliyotumwa ni 200. Kwa kompyuta kila kitu ni sawa, kwa mteja hamna kitu.

Kujaa ndo kunakosahaulika. Seva ya bei rahisi unashea na tovuti za watu wengine, kwa hiyo tangazo lako likivuma inaweza kuzidiwa saa ileile unayoitegemea. Ila kujaa sio seva tu. Kisanduku cha barua pepe kinachopokea oda kikijaa, oda zinaingia kwenye tovuti lakini wewe hupati taarifa. Unakaa unasubiri wateja, na wateja nao wanakusubiri wewe.

Huwezi kukaa unaangalia tovuti usiku na mchana, na huhitaji. Kuna huduma, mfano UptimeRobot, zinazobisha hodi kwenye tovuti yako kila baada ya dakika kadhaa na kukutumia taarifa isipojibu. Zina kifurushi cha bure, ila soma masharti, vingine vya bure haviruhusu matumizi ya biashara. Ukishajiunga, usiishie kuiambia ibishe hodi tu. Ielekeze kwenye ukurasa wa bidhaa, na iambie itafute neno ambalo lazima liwepo, kwa mfano "Weka kwenye kapu". Hapo ule mtego wa 200 unakuwa umeuruka. Na iambie ikujulishe baada ya kukosa jibu mara mbili mfululizo, sio mara moja. Simu ikipiga kelele kila mtandao ukikohoa, baada ya wiki utaizima sauti, na siku ya tatizo la kweli hutasikia.

Cha pili, angalia wanabisha hodi wakiwa wapi. Tarehe 12 Mei 2024, siku ya Jumapili, nyaya mbili za intaneti zinazopita chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikawa ya kusuasua Tanzania, Kenya na nchi nyingine za ukanda huu. Mpimaji aliyekaa Marekani akabisha tovuti iliyoko Marekani, siku kama hiyo atakwambia kila kitu safi. Ni kweli kwake. Mteja wako wa Mbagala haoni kitu. Kwa hiyo mbali na huduma hiyo, kuwa na laini mbili za mitandao tofauti, na mara mojamoja jaribu tovuti kwa kila laini, Wi-Fi ikiwa imezimwa.

Cha tatu, taarifa ya tatizo isipite njia ileile iliyoharibika. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilipotea kwa takribani saa sita. Amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ilikata mtandao wao wa ndani, DNS yao, yaani kile kitabu cha majina kinachoonyesha tovuti iko wapi, ikawa haifikiki, na hata vifaa vya wahandisi vya kutafutia tatizo vikaathirika kwa sababu vilitegemea mtandao huohuo. Kama wao yaliwakuta, wewe usiweke taarifa zako zote zije WhatsApp tu. Weka na barua pepe, au SMS kama kifurushi chako kinaruhusu. Na hapa wenzangu wa WhatsApp na Instagram peke yake: namba za wateja wenu ziandikeni pembeni, na kila wiki bonyezeni linki iliyopo kwenye wasifu wenu kwa simu ya mtu mwingine. Mkishabadilisha namba, linki ya zamani haiwaambii.

Kila Jumatatu asubuhi mi nanunua kwangu mwenyewe. Nina bidhaa ya shilingi 1,000 ambayo haionekani kwenye orodha, naifungua kwa linki, naweka kwenye kapu, nalipa mpaka mwisho, nasubiri ujumbe wa oda. Makato yapo, lakini ni madogo kuliko siku mbili za kuuza hewa. Narudia pia kila programu ya tovuti ikisasishwa.

Tarehe mbili ziandike ukutani. Ya jina la tovuti kuisha, na ya cheti cha usalama, kile kinachoweka alama ya kufuli. Vyeti vya bure vya Let's Encrypt hukaa muda mfupi na kwa kawaida seva hujihuishia yenyewe, mpaka siku inapogoma, na hapo mteja anakutana na onyo kubwa kwamba tovuti sio salama. Kuhusu jina, angalia limesajiliwa kwa barua pepe ya nani. Wengi limesajiliwa kwa ya fundi aliyetengeneza, na fundi kashabadilisha namba.

Ukisikia kampuni ya seva inakuahidi asilimia 99.9, ujue kwa mwezi wa siku 30 hizo ni dakika 43 za kutokuwepo. Asilimia 99 ni saa 7 na dakika 12. Ripoti ya ile huduma ya kubisha hodi itakuonyesha umepata ngapi kweli.

Na ukiwapigia, usiseme "tovuti haifunguki", watakujibu kwao inafunguka. Waambie saa iliyoanza, ukurasa gani, namba gani ya kosa imetokea, kwa laini ya mtandao upi, na watumie picha ya skrini inayoonyesha saa.