Mtoto Hasomi: Mpimaji Anatafuta Nini?

Kwenye karatasi aliyowekewa mtoto kuna maneno manne: kefuta, mbazolu, tipasi, ng'oreki. Hakuna hata moja lenye maana, na mtoto huambiwa mapema ili asijitese kuitafuta. Kazi yake ni kuyatamka tu. Wa miaka tisa anayejua kusoma huyamaliza kwa sekunde chache huku akicheka. Mwingine, ambaye jana yake alisoma ukurasa mzima wa kitabu cha darasani bila kukwama, akifika kwenye mbazolu anasema "mbuzi", anamtazama mpimaji usoni, kisha ananyamaza.

Huyu wa pili hakuwa akisoma kitabu. Alikuwa amekikariri.

Watoto werevu hujificha hivyo mpaka darasa la tatu au la nne, vitabu vinapoanza kunenepa na picha kupungua. Hapo ndipo maneno "mvivu" na "hana bidii" huanza kuonekana kwenye ripoti, na nyumbani fimbo ikafuata. Zoezi la maneno bandia ni dogo, lakini linaeleza vizuri upimaji wa kitaalamu wa matatizo ya kujifunza ni kitu gani. Wazazi wengi huingia kwa mpimaji wakitarajia kutoka na alama inayosema mtoto wao ana akili kiasi gani. Mpimaji anayeijua kazi yake hutafuta jambo jingine: mtoto anakwama wapi hasa, na kwa nini.

Tofauti hiyo haikugunduliwa jana. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, W. Pringle Morgan, aliandika katika jarida la British Medical Journal habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Alikuwa mchangamfu, hodari wa michezo, na aliweza kuzidisha 749 kwa 867 haraka akapata jibu sahihi. Jina lake mwenyewe aliliandika "Precy", na kosa hilo hakuliona mpaka alipoelekezwa zaidi ya mara moja. Mwalimu aliyemfundisha kwa miaka kadhaa alisema kijana huyo angekuwa wa kwanza shuleni kama masomo yote yangefundishwa kwa mdomo. Leo hali hiyo, ya mtoto mwerevu kukwama kwenye maandishi, huitwa disleksia. Mwongozo wa chama cha madaktari wa akili cha Marekani, toleo la 5 la mwaka 2013, unakadiria kuwa kati ya watoto 100 wa umri wa shule, 5 hadi 15 wana tatizo mahsusi la kujifunza kusoma, kuandika au kuhesabu.

Kazi yenyewe ya kupima huanza mbali na vitabu, kwa mazungumzo na mzazi. Maswali mengine humshangaza. Mama, mtoto alilia mara tu alipozaliwa? Alipata manjano? Alianza kusema lini? Aliwahi kushikwa na degedege?

Hilo la mwisho lina uzito mkubwa katika nchi zetu. Pwani wapo hadi leo wanaosema mtoto alipatwa na pepo, shauri likaishia kwa mganga, kumbe ilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Utafiti uliofanyika Kampala na kuchapishwa mwaka 2008 ulifuatilia watoto waliopona malaria ya aina hiyo. Miaka 2 baadaye karibu robo yao walikuwa na upungufu katika kumbukumbu, umakini au uwezo wa kujifunza, wakati kwa watoto wenye afya wa mazingira yale yale waliopatikana na upungufu huo walikuwa takriban 8 kati ya 100. Mama aliyeona mwanawe ameamka, amekula na amerudi kucheza hawezi kulaumiwa kwa kudhani ugonjwa uliishia pale.

Halafu macho na masikio. Hatua hii hairukwi, hata kama mzazi ana hakika kwamba mwanawe anaona na anasikia. Mtoto aliyetokwa na usaha masikioni mara kwa mara akiwa mdogo anaweza kusikia mama akimwita kutoka jikoni, lakini akashindwa kutenganisha "pata" na "bata" darasani kwenye kelele. Na kugundua tatizo ni nusu tu ya kazi. Katika shule 50 za kaunti ya Trans Nzoia, Kenya, walimu waliofundishwa walipima macho ya watoto zaidi ya 20,000. Nusu ya shule zilitumia simu ya mkononi, nusu zikatumia chati ya kawaida. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018. Kwenye shule za simu, wazazi walionyeshwa picha ya jinsi mtoto wao anavyoona ukungu, kisha wakakumbushwa kwa ujumbe. Katika kundi hilo watoto 54 kati ya kila 100 walioelekezwa hospitali walifika. Katika kundi la chati walifika 22.

Baada ya hapo ndipo mtoto hukaa mezani na mpimaji. "Sema kamba. Sasa iseme bila k ya mwanzo." "Nitakutajia namba, wewe zirudishe kinyumenyume: 4, 9, 2." "Taja picha hizi haraka uwezavyo." Kila swali linagusa kitu kimoja: kuchambua sauti za lugha, kushikilia jambo akilini huku unalifanyia kazi, kasi ya kuyafikia maneno. Yapo pia ya hesabu na ya kuandika, na mpimaji huangalia jinsi mtoto anavyofanya kama anavyoangalia jibu. Anahesabu kwa vidole? Anafuta mara ngapi? Anaomba kwenda chooni kila kitabu kinapofunguliwa?

Kwa Kiswahili upimaji una mtego wake. Lugha hii huandikwa kama inavyotamkwa, kwa hiyo hata mwenye disleksia huweza hatimaye kujikokota silabi kwa silabi mpaka akafika. Mwaka 2001 Eraldo Paulesu na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti juu ya Waitalia, Wafaransa na Waingereza wenye hali hiyo. Waitalia, ambao tahajia yao ni nyoofu kama yetu, walisoma kwa usahihi zaidi kuliko wenzao, lakini picha za ubongo zilionyesha udhaifu ule ule upande wa kushoto. Hivyo anayempima mtoto kwa Kiswahili akahesabu makosa peke yake atampitisha asiyestahili kupita. Inabidi ashike saa. Mtoto wa darasa la tano anayesoma "ki-na-cho-pe-ndwa" kwa usahihi wote, lakini akifika mwisho wa sentensi ameshasahau mwanzo wake, ana tatizo ingawa hakukosea hata herufi.

Kuna pia kosa la upande wa pili. Mtoto ambaye lugha ya kwao haitenganishi l na r akiandika "lula" badala ya "rula" hana ugonjwa wowote, ameandika anavyosema. Ndiyo maana swali la kwanza la mzazi kwa mpimaji lingefaa kuwa: mtoto wangu atapimwa kwa lugha gani? Kumpima kwa Kiingereza mtoto aliyeanza kukisikia miaka miwili iliyopita ni kupima miaka hiyo miwili.

Vipimo vyenyewe vina kwao. Vingi vilitungwa Ulaya na Marekani, na alama zake zikapangwa kwa watoto wa huko. Mwanasaikolojia Robert Serpell, aliyefanya kazi Zambia kwa miaka mingi, alionyesha hilo mwaka 1979. Aliwapa watoto wa Zambia na wa Uingereza kazi ya kuiga maumbo. Kwa kalamu na karatasi Waingereza waliongoza. Kwa waya, ambao watoto wa Zambia huutumia kutengeneza magari ya kuchezea, Wazambia waliongoza. Kwa udongo walilingana. Anayetumia kalamu peke yake angeandika ripoti kwamba Wazambia wana upungufu wa kutambua maumbo, aipige muhuri, na watu wangeiamini.

Bagamoyo kulifanyika jambo linalofaa kujulikana zaidi. Watafiti wakiongozwa na Robert Sternberg, Watanzania wakiwemo, waliwapa watoto zaidi ya 350 wa miaka 11 hadi 13 maswali ya kufikiri, wakawafundisha mbinu kwa muda mfupi, kisha wakawapima tena. Alama zilipanda, na waliokuwa mbele mwanzoni hawakuwa lazima ndio waliokuwa mbele mwishoni. Matokeo yalichapishwa mwaka 2002. Kipimo cha kukaa mara moja kilikuwa kimeficha watoto waliokuwa tayari kujifunza, ila hawakuwahi kufundishwa.

Kufundishwa ndicho kiini cha suala. Tafiti za Uwezo, mpango wa kupima usomaji wa watoto, zilizoanza mwaka 2009, zilikuta zaidi ya nusu ya watoto wa darasa la tatu Tanzania, Kenya na Uganda hawawezi kusoma hadithi ya darasa la pili. Haiwezekani wote hao wawe na disleksia. Kwa sababu hiyo wataalamu hawatoi jina la tatizo mpaka mtoto awe amepata msaada wa ziada na bado akaendelea kukwama kwa miezi 6 au zaidi. Mpimaji anayetoa jina hilo katika kikao kimoja cha saa moja, bila kuuliza darasa lina watoto wangapi, anauza karatasi.

Pa kwenda papo, ingawa hapatoshi. Kenya ilianzisha vituo vya tathmini na nyenzo za elimu, maarufu kama EARC, mwaka 1984 kwa msaada wa Denmark, na miaka 2 baadaye ikaunda taasisi ya elimu maalumu, KISE, jijini Nairobi. Tanzania ina Chuo cha Ualimu Patandi, Arusha, kinachoandaa walimu wa elimu maalumu, na katika halmashauri wapo maafisa elimu maalumu, ambao ndio mlango wa kwanza kwa mzazi asiye na fedha za kliniki binafsi. Wanasaikolojia wa elimu ni wachache, na wengi wako kwenye miji mikubwa.

Mzazi anayekwenda kupimisha mtoto achukue kadi ya kliniki, daftari za mihula miwili zilizo na makosa yake yote, na maelezo mafupi ya mwalimu wa darasa. Amlaze mtoto mapema, amlishe asubuhi, na amwambie kweli kwamba anakwenda kuangaliwa anavyojifunza na hakuna kufeli. Ripoti ikitoka, asome kurasa za mwisho kwanza. Humo mwalimu anapaswa kukuta cha kufanya kuanzia wiki inayofuata: akae wapi, asomewe nini, apewe muda gani wa ziada, afundishwe sauti zipi upya na mara ngapi kwa wiki. Ripoti yenye namba bila ushauri huo irudishwe kwa aliyeiandika aimalizie.