Moto Juu, Moto Chini: Sufuria ya Mboga kwa Jioni ya Idi

Mwaka 2019 Idi ul-Fitr iliangukia mwanzoni mwa Juni, masika ikiwa bado haijaisha. Mwaka 2024 Kenya iliisherehekea Aprili 10. Mwaka 2030 itakuja mwanzoni mwa Februari, kaskazi ikivuma na jua likichoma. Kalenda ya mwezi ni fupi kuliko ya jua kwa siku 11 hivi, kwa hiyo Idi hurudi nyuma kila mwaka na kuizunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi. Kwa mpishi wa pilau hilo si neno: mchele, nyama na bizari hupatikana mwaka mzima. Lakini kwa anayetaka kuwaandalia jamaa zake sufuria ya mboga, msimu ndio unaoamua kitakachoingia ndani.

Bodo ni kijiji cha wavuvi kusini mwa Msambweni, katika Kaunti ya Kwale, na ndipo watu wanapopanda mashua kuelekea kisiwa cha Funzi. Mbele kuna mikoko. Nyuma yake minazi, miembe, mikorosho na vishamba vya muhogo. Kitoweo cha siku za kawaida ni samaki. Siku ya Idi mambo hubadilika: asubuhi sala, kisha watoto kupita nyumba kwa nyumba wakitafuta mkono wa Idi, na mchana pilau au biriani ya nyama na kachumbari yake. Jioni ndipo nyumba inapojaa. Waliotoka Ukunda, Likoni na Mombasa wamefika, salamu zimekwisha, na wengi wameshiba nyama tangu adhuhuri. Hapo mboga zilizopikwa kwa heshima hupata wenyewe.

Kuzipanga mboga tabaka kwa tabaka katika chombo kimoja na kuzioka si jambo geni duniani. Marekani, kwa mfano, mboga moja ya sikukuu inayojulikana sana ni maharage mabichi yaliyookwa kwa supu ya uyoga ya kopo, yakafunikwa kwa vitunguu vya kukaanga. Ilibuniwa mwaka 1955 na Dorcas Reilly, aliyekuwa akifanya kazi katika jiko la kampuni ya Campbell. Ilihitaji vitu ambavyo nyumba nyingi zilikuwa navyo kabatini. Mpishi wa pwani anaweza kufuata njia hiyo hiyo bila kununua kopo hata moja, maana nazi ziko juu ya mti, na ufundi wa kuoka bila oveni ni wa zamani.

Ufundi wenyewe ni kupalia. Sufuria hutelekwa juu ya makaa machache, ikafunikwa kwa mfuniko bapa wa bati au wa sufuria yenyewe, kisha makaa mengi zaidi yakawekwa juu ya mfuniko. Ndivyo wali unavyokaushwa, na ndivyo mkate wa sinia na mkate wa mayai unavyopata rangi ya hudhurungi kwa juu. Siri iko katika kugawanya moto: sehemu kubwa juu, kidogo chini. Moto wa chini ukizidi, mboga hushika sufuria na kuungua kabla ya tabaka la juu kuiva. Vifuu vya nazi hutoa makaa makali ya kuanzia, lakini huisha haraka, ndiyo sababu wengi huvichanganya na makaa ya mti. Mwenye oveni ya gesi atatumia nyuzi 180 na kupata matokeo yale yale, ila harufu ya moshi ataikosa.

Nini kiingie ndani? Idi ikiangukia masika, kati ya Aprili na Juni, majani huwa tele: mchicha, mnavu, majani ya kunde, matembele, na mchunga wenye uchungu wake ambao wazee huupenda. Ikiangukia vuli, mvua za Oktoba hadi Desemba huleta majani tena, ingawa si kwa wingi ule. Kiangazi cha Januari hadi Machi ndicho kigumu. Hapo sufuria hutegemea vile visivyoogopa jua: muhogo, unaoweza kukaa ardhini miezi mingi ukingoja kung'olewa, boga lililovunwa mapema na kuwekwa ndani, na korosho, ambazo huvunwa kipindi hicho. Kabeji, karoti na viazi mviringo hutoka bara, vingi vikipitia soko la Kongowea upande wa pili wa Mombasa, na bei yake hupanda kadiri barabara inavyorefuka.

Vingi vya vyakula hivyo vyenyewe ni wageni waliozoea. Muhogo, boga, nyanya na pilipili asili yake ni Amerika. Vilifika pwani hii baada ya Wareno kufungua njia ya bahari kuelekea Bahari Hindi, njia ambayo Vasco da Gama aliipitia mwaka 1498. Biringani ilitoka Asia, na nazi vilevile. Mnavu na kunde ni wenyeji wa Afrika.

Muhogo unahitaji uangalifu. Mizizi yake ina kemikali zinazoweza kutoa sumu ya sianidi, nyingi zaidi katika aina chungu. Kibandameno, aina inayopendwa sana pwani kwa kupikwa mbichi, ni tamu, lakini hata muhogo huo humenywa vizuri, ukatolewa uzi wa katikati, ukachemshwa sufuria ikiwa wazi, na maji ya kwanza yakamwagwa. Majani ya muhogo nayo hutwangwa na kuchemshwa kwa muda mrefu kabla ya kuungwa. Si ya kutupwa mabichi ndani ya sufuria ya kupalia.

Kisha tui. Nazi tatu zinatosha watu kumi. Hukunwa kwa mbuzi, zikakamuliwa kwa maji ya vuguvugu kidogo na kuchujwa ili kupata tui zito, vikombe viwili hivi. Machicha hurudiwa kwa maji zaidi kupata tui jepesi. Haya mawili hayatumiki pamoja. Tui jepesi huingia mwanzo, ndani yake muhogo ukaiva na kunywa ladha. Tui zito huja mwisho, kwa sababu likichemka kwa nguvu hukatika: protini zinazoshikilia mafuta na maji pamoja huganda, mafuta yakapanda juu na maji yakabaki chini. Wapishi wengi hutupia kuku machicha baada ya hapo. Kwa sufuria hii ni heri yawekwe, yatakuwa na kazi.

Kwa watu kumi huhitajika muhogo kilo moja, boga kilo moja, mabiringani manne, mafungu matatu ya mchicha au majani yoyote ya msimu, vitunguu vinne, nyanya sita, kitunguu saumu, tangawizi, bizari ya manjano, chumvi na ndimu mbili. Vitunguu hukaangwa hadi vilainike, vikafuatwa na saumu, tangawizi, bizari na nyanya, hadi mchuzi uwe mzito na mafuta yaanze kujitenga. Mabiringani hukatwa vipande bapa, yakatiwa chumvi kwa nusu saa, yakakamuliwa na kukaangwa kidogo. Boga hukatwa vipande vyembamba. Majani huchovywa katika maji yanayochemka kwa dakika moja tu, yakakamuliwa sana kwa mikono.

Kukamua ndiko kunakoamua mambo. Sufuria nyingi za mboga huharibika kwa sababu ya maji: majani na mabiringani hutoa majimaji yao yakiwa ndani, tui likapwaya, na kilichopaswa kukatwa kwa kisu kikawa cha kuchotwa kwa upawa.

Muhogo uliokwisha kuiva katika tui jepesi hutandazwa chini, kwa sababu wanga wake hufyonza majimaji yatakayoshuka. Juu yake hufuata nusu ya mchuzi, mabiringani, majani, boga, na nusu ya mchuzi iliyobaki. Tui zito lililotiwa chumvi kidogo na maji ya ndimu moja humiminwa polepole pembeni. Mwisho, machicha hukaangwa makavu kwa bizari hadi yanukie, yakachanganywa na korosho zilizopondwa na kunyunyizwa juu. Baada ya dakika 35 hadi 40 za kupaliwa, uso huwa mkavu na wenye rangi, na kijiti kikichomwa katika boga hupita bila shida. Sufuria huepuliwa na kuachwa robo saa ishikane, kisha ndimu ya pili hukamuliwa juu.

Ndimu hiyo haiwekwi kwa ladha peke yake. Vitamini C yake husaidia mwili kuchukua madini ya chuma yaliyomo katika majani ya kijani, na mafuta ya nazi husaidia kufyonza kile kinachoipa boga rangi yake na ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima ale gramu 400 za matunda na mboga kwa siku, na katika hesabu hiyo muhogo na viazi havimo. Na kwa kuwa muhogo ni wanga, mwenye wageni wenye sukari atapunguza muhogo na kuongeza majani na mabiringani. Kwa wenye presha, chumvi ndiyo ya kuangaliwa: kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa siku nzima, na pilau ya mchana tayari imechukua sehemu yake. Nazi nayo ina mafuta mengi mazito, hivyo kipande kimoja kando ya samaki wa kuchoma na wali mweupe kinatosha.

Sufuria hii inaweza kutayarishwa tangu mchana, tabaka zote zikapangwa, kisha tui zito likatiwa na moto ukawashwa baada ya sala ya alasiri. Ikikwisha kuiva, isikae nje zaidi ya saa mbili, maana joto la pwani huichachua nazi upesi. Kilichobaki huwekwa kwenye friji, na asubuhi ya Idi pili hupashwa hadi kitoe mvuke katikati, kikaliwa na mkate wa mofa au chapati na chai ya rangi.