Insulini Safarini: Joto Lisikusahaulishe Chakula

Basi la Dar es Salaam kwenda Mwanza huondoka alfajiri na kukata zaidi ya kilomita 1,100. Mgonjwa wa kisukari anayejidunga insulini hupanda akiwa na hofu moja kubwa: dawa itaharibiwa na joto.

Hofu hiyo ina msingi. Insulini ni protini yenye asidi amino 51 zilizokunjwa kwa umbo maalumu, na umbo hilo likivurugika dawa hupoteza nguvu. Ndiyo maana chupa isiyofunguliwa huwekwa kwenye nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi. Hata hivyo, mwaka 2021 watafiti wa shirika la Médecins Sans Frontières na Chuo Kikuu cha Geneva walitoa matokeo ya kutia moyo. Walipima joto katika makazi ya kambi ya wakimbizi ya Dagahaley, Dadaab, nchini Kenya, kisha wakaiga maabarani kupanda na kushuka kwake, kati ya nyuzi 25 na 37, kwa wiki nne. Nguvu ya insulini haikupungua kwa zaidi ya asilimia 1. Kwa safari ya siku moja, basi, inatosha kuiweka kwenye mkoba wa mkononi, mbali na jua na injini. Barafu ndiyo ya kuogopa kuliko joto: insulini iliyoganda itupwe, hata ikiyeyuka na kuonekana safi.

Ninachokihofia zaidi mimi ni chakula kuchelewa. Mtu hujidunga insulini ya haraka akitarajia basi litasimama kwenye hoteli muda si mrefu. Tairi linapasuka porini. Dawa ikishaingia mwilini haisubiri sahani, inaendelea kushusha sukari. Anatetemeka, jasho linamtoka, anachanganya maneno, na jirani anadhani amelewa. Tafadhali, usijidunge mpaka chakula kiwe mbele yako, na mwambie konda hali yako mapema.

Kipimo cha sukari kikisoma chini ya milimoli 4 kwa lita, gramu 15 za sukari zinahitajika mara moja: nusu chupa ya soda ya kawaida, ile ya mililita 300, si ile isiyo na sukari. Mgonjwa apime tena baada ya dakika 15, na ikiwa bado iko chini, anywe tena. Aliyepoteza fahamu asimiminiwe chochote mdomoni, kitampalia. Alazwe ubavu, na dereva aelekee hospitali iliyo karibu.