Barua pepe iliyobeba simu nzima

Tarehe 1 Aprili 2004 Google ilitangaza barua pepe ya bure yenye nafasi ya gigabaiti 1, na wengi wakadhani ni utani wa Siku ya Wajinga. Hawakuwa na kosa. Wakati huo Hotmail ilikuwa ikitoa megabaiti 2 tu, na mtu alilazimika kufuta barua za zamani ili mpya zipate pa kuingilia. Gmail haikuwa utani. Karibu miaka mitatu ya mwanzo watu waliingia kwa kualikwa, na mwaliko wenyewe ulitafutwa kama kadi ya harusi ya tajiri.

Kampuni hiyo ilianza 1998 kama mtambo wa kutafutia kurasa za intaneti, basi. Baada ya Gmail haikukaa tena kitako. Mwaka 2005 ilileta ramani, na mwaka huohuo ikanunua kampuni changa iliyoitwa Android. YouTube ikachukuliwa 2006 kwa dola bilioni 1.65. Kivinjari cha Chrome kilifuata 2008, hifadhi ya Drive 2012, na Photos 2015. Kiswahili kiliingia kwenye Google Translate mwaka 2009, na aliyeijaribu siku zile atakumbuka kwamba ilichekesha kuliko ilivyosaidia. Leo wapo wanaoitegemea kazini.

Baadhi ya huduma hizo zimeota mizizi hapa nyumbani. Mwaka 2015 ramani za Google zilianza kuonyesha njia za matatu za Nairobi, usafiri ambao kwa miaka mingi uliishi kichwani mwa makanga na abiria wake. Data ilitoka katika mradi wa Digital Matatus, ambapo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipanda magari hayo na simu zao mkononi wakirekodi njia na vituo. Jasho lilikuwa la wenyeji, na jambo hilo linastahili kusemwa kila ramani inaposifiwa.

Mtumiaji wa kawaida hana habari na historia hii. Yeye anakutana na Google dukani, siku anaponunua simu. Mteja akishalipa, muuzaji humuuliza, "Una imeili, dada?" Asipokuwa nayo, anafunguliwa palepale: jina, tarehe ya kuzaliwa, na neno la siri analolibuni muuzaji mwenyewe. Play Store inafunguka, WhatsApp inashushwa, mteja anaondoka na furaha yake. Kwake imeili ni kitu cha kuwashia simu. Hajui kwamba anwani hiyo moja ndiyo itakayobeba namba za ndugu zake, picha za watoto, video alizotazama na, mipangilio ikiruhusu, njia alizopita.

Kasheshe huanza anaposahau namba ya kufungulia kioo, au mtoto anapoichezea simu mpaka ikajifunga. Anaipeleka kwa fundi, fundi anaifuta yote, na simu ikiwaka inadai akaunti ileile iliyokuwamo mwanzo. Ulinzi huo, unaoitwa FRP, uliingizwa kwenye Android mwaka 2015 ili simu ya wizi isimfae mwizi. Asiyejua neno lake la siri naye hunaswa, akiwa na risiti yake mfukoni. Ndiyo maana vibanda vya mafundi hutangaza "tunatoa FRP" sambamba na kubadilisha vioo.

Jingine ni nafasi. Photos ilipoanza 2015 iliahidi kuhifadhi picha bila kikomo na bila malipo, mradi mtu akubali zipunguzwe ubora kidogo. Watu wakazoea. Tarehe 1 Juni 2021 ofa ikafungwa, na kila picha mpya ikaanza kuhesabiwa ndani ya gigabaiti 15 ambazo Gmail, Drive na Photos zinagawana. Mwaka 2024 nakala za WhatsApp za simu za Android, ambazo zamani hazikuhesabiwa, nazo zikaingizwa humohumo. Aliye kwenye kundi la familia, la kanisa na la vikoba anajua video za salamu za asubuhi zinavyojaa. Nafasi ikiisha, Gmail huacha kupokea barua. Anayesubiri kuitwa kwenye usaili anaweza kuikosa barua hiyo kwa sababu ya video za harusi ya jirani.

Kupanuka huku pia kuna makaburi yake. Mtandao wa kijamii wa Orkut ulizimwa 2014, kisoma habari cha Google Reader 2013, na Google+, uliokuwa mtandao wa kushindana na Facebook, ukafungwa kwa watu wa kawaida Aprili 2019. Tangu Desemba 2023 kampuni imeanza kufuta akaunti binafsi zisizoguswa kwa miaka miwili.

Si haki kusema kupanuka huku ni hila. Huduma nyingi ni nzuri kweli, na gharama zake hulipwa na matangazo: mwaka 2023 zaidi ya robo tatu ya mapato ya Alphabet, kampuni mama ya Google, yalitoka huko. Ukubwa huo hatimaye ulifika mahakamani. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta wa mahakama ya shirikisho mjini Washington aliamua kwamba Google imehodhi soko la utafutaji kinyume cha sheria. Kesi ilionyesha kwamba mwaka 2021 pekee ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe chaguo la kwanza kwenye simu na vivinjari vya wengine. Mnunuzi wa simu wa hapa nyumbani hakuulizwa anapendelea mtambo gani.

Asiyetaka kuhama, na wengi hawatahama, afanye mambo mawili wikiendi hii. Abadilishe neno la siri alilowekewa dukani na kuliandika jipya kwenye daftari linalokaa nyumbani. Kisha aingie Google Takeout, huduma iliyopo tangu 2011, aombe nakala ya picha na barua zake. Maandalizi yanaweza kuchukua saa kadhaa, hata siku, halafu kiungo cha kupakulia hutumwa kwa barua pepe. Kiungo hicho hudumu takriban wiki moja tu, kwa hiyo bando liwe tayari.